Majina kwanza, jiwe baadaye: ukumbi wetu wa mashujaa wa Kagera

Ukumbi wetu huku Magu, mkoani Mwanza, ulijengwa kwa nguvu za wananchi, kuwakumbuka vijana waliokwenda vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin, 1978 hadi 1979. Majina yalikuwa ya rangi ukutani, na kwa unyevu huu wa ziwa yalibanduka yote. Kama na nyinyi mnataka kuyachonga kwenye jiwe, msianze na fundi.

Sisi tulianza na fundi. Akachonga "Mwandu" kwa mtu ambaye kwao ni Ng'wandu. Mama yake mdogo alifuata herufi zile kwa kidole, taratibu, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani, mwanangu?" Jiwe tuliling'oa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba. Salimia kwanza kwa Kisukuma, "mwangaluka", kaa, ndipo uulize. Kwenye familia za wavuvi wa dagaa nenda siku za mbalamwezi. Za giza wako ziwani usiku kucha na mchana wamelala. Omba kuona karatasi yoyote. Bibi mmoja alinitolea barua kutoka sanduku la bati, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Humo mwanawe ana jina la ubatizo tu, la nyumbani halimo. Andika yote mawili, kisha msomee mwenye mtu wake kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka aseme ndiyo.

Mgambo msiwaache. Baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza vita Novemba 2, 1978, waliochukuliwa kutoka mgambo ni wengi, na ndio wanaosahaulika, kwa kuwa watu husema "hakuwa mwanajeshi". Alikwenda. Aandikwe. Waliorudi na majeraha wakafia nyumbani, hilo liamuliwe na mkutano wa kijiji, si kamati peke yake.

Orodha ikikamilika ibandikeni mlangoni mwezi mzima. Kwetu ilisahihishwa mara nne. Hapo ndipo muite fundi wa makaburi, achonge kwa kina.

Tulizindua Julai 25, Siku ya Mashujaa. Wapo ambao hawajawahi kufika makaburi ya Kaboya, kule Muleba, walikozikwa askari wa vita hivyo; hapa ndipo wanapoweka maua.

Chini ya jiwe acheni nafasi. Sisi tuliacha mistari sita, miwili imeshajaa.