SOMO: Kupanga wiki moja ya milima, mito na bahari Dominika

Wadau, habari za leo. Somo hili ni la wale wanaotaka kwenda visiwa vya Karibi lakini hawataki kulala wiki nzima kwenye kiti cha ufukweni. Nimechagua Dominika, kisiwa cha volkano kilicho kati ya Guadeloupe na Martinique. Si Jamhuri ya Dominika ile inayopakana na Haiti. Kabla ya kulipa tiketi hakikisheni imeandikwa uwanja wa Douglas-Charles, kifupi chake DOM. Ukiona Santo Domingo au Punta Cana, ujue unapelekwa nchi nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Weka siku ngumu kwanza

Wengi hupanga kwa kujaza siku moja moja kuanzia siku ya kufika. Dominika haipangiki hivyo. Kuna safari moja inayotawala wiki nzima, nayo ni ya Boiling Lake, ziwa linalochemka ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Maji ya mvua na vijito hukusanyika kwenye shimo ambalo chini yake hutoka mvuke na gesi za volkano, ndiyo maana katikati yanatokota na ukingoni huwa moto wa kuunguza. Hakuna kuoga pale.

Njia inaanzia kijiji cha Laudat. Tenga saa tatu kwenda na tatu kurudi, tena kwa mtu mwenye miguu mizuri. Unapanda Morne Nicholls, unashuka Bonde la Ukiwa lenye matope yanayochemka na vijito vya rangi ya maziwa, vingine vyeusi, halafu unapanda tena. Ukirudi, ile milima uliyoshuka inakungoja uipande. Anza alfajiri. Vito vya fedha viache chumbani, salfa itavigeuza vyeusi.

Sasa jambo la msingi: mvua ikinyesha sana, safari hii huahirishwa. Kwa hiyo usiiweke mwishoni mwa wiki. Iweke siku ya tano, na siku ya sita iwe na jambo linalohamishika. Mlima ukikataa Jumatano, utaupata Alhamisi.

Hatua ya 2: Lala sehemu tatu, si moja

Ramani inadanganya. Kisiwa kina urefu wa kilomita 47 hivi, ukadhani unaweza kulala Roseau na kuzunguka kote. Barabara ni za kona na miteremko, na uwanja wa ndege uko kaskazini-mashariki wakati Roseau, mji mkuu, uko kusini-magharibi. Ushauri wangu: usiku wa kwanza na wa pili lala Portsmouth, kaskazini. Kisha hamia Roseau au milimani karibu na Laudat. Usiku wa mwisho rudi upande wa mashariki, jirani na uwanja.

Hatua ya 3: Zipange siku

Tuseme umefika Jumamosi. Siku hiyo usipange kitu.

Jumapili nenda Indian River asubuhi mapema. Ni mto wenye miti ambayo mizizi yake imesimama kama kuta, na boti hupigwa makasia tu, injini haziruhusiwi, ndiyo maana ndege hawakimbii. Mchana panda Cabrits kwenye ngome ya Fort Shirley. Mwaka 1802 askari Waafrika wa Kikosi cha 8 cha West India Regiment waliasi hapo. Walikuwa watumwa waliovishwa sare za Waingereza, na mwaka 1807 askari wa vikosi hivyo waliokuwa watumwa walipewa uhuru. Mimi pale sikuona haraka ya kuondoka.

Jumatatu alfajiri ni kasuku, katika msitu wa Syndicate, chini ya Morne Diablotins (mita 1,447, kilele kirefu kuliko vyote kisiwani). Kuna njia fupi ya tambarare. Ukibahatika utamwona sisserou, kasuku aliye kwenye bendera ya taifa. Anayeonekana zaidi ni ndugu yake jaco. Kilele chenyewe nakiacha, kwa sababu ni kupanda kwa mikono na miguu kwenye mizizi na matope, na miguu hiyo unaihitaji keshokutwa. Mchana shuka pwani ya magharibi, oga Mero, endelea Roseau.

Jumanne zoesha miguu: Freshwater Lake, maporomoko pacha ya Trafalgar, na kuogelea ndani ya korongo la Titou mpaka kwenye maporomoko yaliyojificha mwisho wake. Maji ya Titou ni baridi kweli. Kukiwa na mvua milimani usiingie hata kama hapo ulipo jua linawaka, maana mto unaweza kufurika ghafla.

Hapo angalieni pia ratiba ya meli za kitalii zinazotia nanga Roseau. Siku ya meli, Trafalgar na Titou hujaa watu kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri. Nenda saa moja, au nenda baadaye.

Jumatano ni ziwa. Jioni yake, chemchemi za maji moto za Wotten Waven. Mwili wenyewe utakuambia kwa nini.

Alhamisi ni bahari. Champagne Reef, kusini ya Roseau, ina mapovu ya gesi za volkano yanayopanda kutoka chini ya bahari, unaelea juu yake kwa miwani na mrija tu. Scotts Head ni ncha ambapo unasimama Atlantiki ikiwa mkono mmoja na Karibi mkono mwingine. Ukipenda nyangumi, uliza mapema: boti hutoka siku maalumu na zinahitaji idadi ya watu. Wale wakubwa kuliko nyangumi wote wenye meno huishi hapa mwaka mzima, kwa sababu kina kirefu kiko karibu na pwani. Mwaka 2023 serikali ilitangaza hifadhi yao ya takriban kilomita za mraba 800.

Nimeiweka bahari baada ya mlima kwa makusudi. Anayezamia na mtungi hatakiwi kupanda milima mara tu baada ya kutoka majini, wala kuruka na ndege kabla ya saa 24 kupita.

Ijumaa pitia Emerald Pool, kisha eneo la Wakalinago, wenyeji wa asili, lililotengwa rasmi mwaka 1903. Kula mkate wao wa mihogo ukiwa moto. Lala huko. Jumamosi uko karibu na uwanja.

Hatua ya 4: Usafiri na pesa

Wanaendesha kushoto kama sisi, na mgeni hununua kibali cha muda cha udereva, kwa kawaida pale pale anapokodi gari. Mabasi madogo yenye namba inayoanza na H ndiyo daladala zao. Jumapili huwa machache, ya kuhesabu. Dola ya Karibi Mashariki ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1976. Dola za Marekani zinapokelewa, chenji utapewa ya kwao.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Dar: *Dada, shukrani. Nikipata viza ya Schengen naweza kupitia Paris na Guadeloupe, kisha boti?*

Boti ipo, lakini angalia viza yako. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa ila haziko ndani ya Schengen, hivyo viza ya kawaida ya Schengen peke yake haitoshi. Omba ubalozini viza inayotaja maeneo hayo. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama unabadili ndege tu. Masharti ya Dominika yenyewe hutegemea pasipoti, yathibitishe kabla ya kulipa chochote. Na beba kadi ya homa ya manjano, maana anayetoka nchi yenye ugonjwa huo huombwa.

Mdau, Nairobi: *Likizo yangu ni Agosti. Niende?*

Mimi nisingeenda. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo kilele chake. Kimbunga Maria cha daraja la 5 kilipiga kisiwa hiki tarehe 18 Septemba 2017. Februari hadi Mei ndiyo miezi mikavu zaidi, ingawa milimani mvua haina likizo. Kama huna mwezi mwingine, nunua bima na tiketi inayobadilishika.

Mdau, Mombasa: *Dada yangu, fukwe zake zinaishinda Diani?*

Hapana. Nyingi zina mchanga wa kijivu au mweusi, na upande wa Atlantiki bahari ni kali. Aliyezaliwa na mchanga mweupe asifunge safari kwa ajili ya mchanga. Aende kwa ajili ya mito na milima.

Mdau, Toronto: *Tuna watoto wa miaka 6 na 9, na bibi yao. Ratiba hii si itatuua?*

Ondoeni ziwa na Titou. Indian River bibi atakaa tu kwenye boti. Trafalgar ina jukwaa la kutazamia, mwendo mfupi. Emerald Pool watoto wataoga, na Mero maji yametulia. Siku ya Jumatano mpumzike Wotten Waven.

Mdau, Arusha: *Nimepanda Meru na Kilimanjaro. Kwenye hilo ziwa nahitaji mwongozaji kweli?*

Ndiyo, mkuu. Urefu wa mlima si tatizo. Kwenye Bonde la Ukiwa ardhi sehemu nyingine ni ganda jembamba juu ya maji yanayochemka, na njia huhama. Mwongozaji ndiye anayejua leo pakukanyaga ni wapi.

Mdau, Dar (tena): *Na nyoka?*

Wenye sumu hawapo Dominika. Kuna chatu wa kwao anayeitwa tête chien, hana sumu. Jihadharini zaidi na mbu, kwa sababu ya dengi.