Kabla ya kumwandikia mfadhili, nendeni kwa fundi seremala

Maandiko mengi ya kuomba ufadhili ninayoletewa hapa Moshi niyapitie kabla hayajatumwa huanza na "Elimu ni ufunguo wa maisha". Nafika ukurasa wa pili, ufunguo bado unazungushwa, na sijajua wanaomba nini. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina muda wa kuvumilia. Mtu wa mfadhili mwenye rundo la maombi mezani hana.

Shida iandikwe kwa namna ambayo mwenyekiti wa kijiji akiisoma atasema ndiyo, ni kweli. Akina mama wa kikundi kimoja cha Mabogini walikuwa wameandika kwamba "watoto wanasoma katika mazingira magumu". Nikawauliza, magumu vipi? Mmoja akanijibu: "Mwalimu, darasa la tatu wanabanana wanne dawati la watatu, wa pembeni anaandikia magotini." Nikamwambia hiyo ndiyo sentensi, iandike kama ulivyoisema. Kisha wakaenda kwa mwalimu mkuu, akawapa idadi ya wanafunzi na madawati kutoka kwenye kumbukumbu za shule, wakaweka na tarehe ya kuhesabu. Namba isiyo na tarehe haimsaidii mtu. Mradi ukiisha mtaulizwa hali ilikuwaje mwanzo, na jibu lenu litakuwa hapo.

Bajeti ndiyo inayoua maombi mengi. Mkiandika "madawati 40, shilingi milioni nne", mtu mzoefu anajua mlikaa mkakisia. Nendeni mtaa wa Majengo au popote penye karakana, msimame na fundi seremala, mumuulize dawati moja linakula mbao gani na ngapi, misumari, msasa, vanishi, ufundi wake, na gari la kulifikisha shuleni. Kila kitu kikae kwenye mstari wake: kipimo, idadi, bei ya kimoja, jumla. Chukueni profoma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji, sehemu tatu tofauti, zenye mhuri, TIN (namba ya mlipakodi) na tarehe. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, huzitaka hizo tatu. Mchanga, mawe na nguvu kazi za wananchi navyo vipigieni hesabu ya shilingi, mviweke kwenye safu ya mchango wa jamii. Vikundi vingi hujitolea sana halafu vinaona haya kuandika. Na posho za vikao, jamani, zipunguzeni. Nimeona bajeti ambayo chai na posho vilizidi vitabu.

Mkishajua mnachokosa ndipo mtafute anayelipia kitu hicho. Andiko moja kulituma kwa watu ishirini ni kupoteza bando. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi ya ngazi ya jamii: majengo na vifaa wanatoa, mishahara na gharama za kuendesha ofisi hawatoi. Watu wa Mabogini hawahitaji kuelezwa Wajapani ni akina nani, maana mfereji wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa fedha na utaalamu wao miaka ya 1980. Kanada ina mfuko wake wa miradi midogo ya wenyeji, CFLI, unaofaa kazi fupi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Kama tatizo ni choo au darasa la shule ya serikali, mwambieni mwalimu mkuu aulizie halmashauri kuhusu Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Rotary, chama cha watu wanaojitolea kusaidia jamii, wana klabu Moshi na Arusha, ila ruzuku yao kubwa huanzia bajeti ya dola 30,000 na inaombwa na klabu ya hapa pamoja na klabu ya nje, kwa hiyo kazi yenu ni kuwashawishi wanaklabu wa hapa kwanza. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu msiihesabu humu. Haina riba, lakini ni mkopo, mtarudisha. USAID, shirika la misaada la Marekani lililofungwa mwaka 2025, lifuteni kwenye orodha za zamani mnazotumiana WhatsApp.

Karatasi zenu ziwe tayari kabla tangazo halijatoka, kwa sababu dirisha la maombi halisubiri mtu afuatilie mhuri. Kikundi husajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, NGO kwa Msajili. Muwe na katiba, TIN, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mihutasari ya vikao iliyosainiwa. Mradi ukigusa shule, mtahitaji barua ya mkurugenzi wa halmashauri. Anzeni kwa mtendaji wa kata, msimruke, mtarudishwa kwake tu.

Anayewaambia mmeshapata dola elfu hamsini, mtume kwanza "ada ya kufungua faili" kwa simu, ni tapeli. Hata kama barua ina nembo.

Mkikosa, andikeni barua fupi ya kushukuru na kuuliza kilichopungua. Wengine hujibu vizuri sana.

Mkipata, fungueni faili la risiti siku pesa inapoingia. Dukani daini risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hata kwa kilo ya misumari. Dereva wa lori la mchanga hana mashine hiyo, basi mwandikieni hati ya malipo palepale: jina lake, simu, namba ya gari, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Asaini kabla hajapokea hela. Akishaipokea ana haraka ya safari nyingine, na mkaguzi akija mtakuwa mnamtafuta stendi nzima.