Namna ya kutumia kitenzi noborikiru mlimani

Mwongoza watalii wa Moshi anayejifunza Kijapani afadhali akifahamu mapema kitenzi noborikiru, kwa kuwa kinataja jambo lililomleta mgeni wake kutoka Japani: kupanda mlima hadi kuumaliza. Kimeundwa kwa noboru, yaani kupanda, na kiru, yaani kukata. Lakini kiru ikifuata kitenzi kingine huacha maana ya kukata na kuonyesha kwamba tendo limefikishwa mwisho bila kubakiza kitu.

Ili kukiunda, chukua noborimasu, ondoa masu, kisha unganisha nobori na kiru. Sehemu inayobadilika ni kiru peke yake: noborikirimasu kwa heshima, noborikirimashita kwa wakati uliopita, na noborikitta baina ya marafiki. Zitamke vizuri t zote mbili, kwa sababu ipo kiru nyingine yenye maana ya kuvaa, ambayo wakati wake uliopita ni kita.

Mkiwa Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, kwenye mita 5,756, usiseme bado noborikirimashita, hata kama mgeni anashangilia, maana kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiko mbele. Hapo sema mō sukoshi desu, bado kidogo. Na mgeni akilazimika kurudi njiani, naona si heshima mwongozaji kumtamkia noborikiremasen deshita, yaani hakuweza kuumaliza. Mwache aliseme mwenyewe akitaka.

Kiru hiyohiyo, ikiungwa na kitenzi kisichotegemea hiari ya mtu, hueleza hali iliyofikia kikomo. Tsukaremashita, nimechoka, ni kauli ya kawaida mwisho wa siku, lakini tsukarekitte imasu ni kauli ya mtu aliyeishiwa nguvu kabisa. Ukiisikia, simamisha safari, umuulize kama kichwa kinamuuma au anasikia kichefuchefu.

Mpishi naye ajue tofauti moja. Mgeni akisema tabekiremasen, ana maana kwamba chakula ni kingi na hawezi kukimaliza, kwa hiyo apunguziwe tu. Akisema taberaremasen, hawezi kukila, pengine kwa sababu mwili wake unakikataa. Na kwa kuwa kukosa hamu ya kula ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu sana, mwongozaji mkuu aarifiwe usiku huohuo.