Mfuko wa sokoni, vishikio vya sufuria na zawadi nyingine kutoka kwenye mabaki ya vitambaa

Kabla hujashika mkasi, mwaga vipande vyote sakafuni uvipange kwa kazi vitakayofanya, wala si kwa rangi. Rangi ndiyo inayowapoteza wengi: mtu anaona vipande viwili vya kitenge vinapendana, anaviunganisha, kisha wiki ya pili mkanda unang'oka na viazi vinatawanyika stendi ya Kabwe, Mbeya. Mfuko hauchaniki katikati. Unachanika sehemu mbili tu, pale mkanda ulipoungana na mdomo wa mfuko, na pembeni mwa kitako. Vitambaa vizito vyote ulivyonavyo vielekeze huko, vingine vikae popote.

Vizito ni kitambaa cha jinsi, kaki ya suruali za kazi na mapazia manene. Vya kati ni kitenge cha pamba na shuka lisilochakaa sana; hivyo ndivyo vya mwili wa mfuko. Kanga iliyochoka na mashati ya mtumba ni vya bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mfuko. Sweta za sufu na vipande vya blanketi viweke kando kwa ajili ya vishikio vya sufuria, na katika nyanda za baridi kama Mbeya, Njombe na Makete havikosekani kwenye mitumba. Mafundi walioshona sare za kwaya au za harusi wana hazina nyingine: vipande vingi vya kitambaa kilekile, hivyo unaweza kushona mifuko kumi inayofanana. Waombe kabla hawajafagia, na uwaeleze kwamba unahitaji vile vyenye upana wa kiganja kwenda juu.

Kisha kuna jambo la kujua kama kitambaa ni pamba au poliesta, maana siku hizi vitenge vingi vinavyouzwa ni mchanganyiko. Kata kipande cha ukubwa wa kucha, kishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, ukiwashe. Pamba huungua upesi kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha donge gumu lisilosagika. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta haina ubaya kwenye mfuko, ila isikaribie jikoni, na pasi yake iwe ya vuguvugu tu.

Fua kila kitu kwanza, hata kipande kipya. Kitenge cha pamba na jinsi hurudi, yaani hupungua ukubwa, vikifuliwa, na kimoja kikirudi kuliko mwenzake baada ya kushonwa, mshono unajikunja na haunyooki tena kwa pasi yoyote. Kwa kitenge chenye rangi nzito, sugua kitambaa cheupe chenye maji juu yake. Kikitoka na rangi, endelea kufua peke yake hadi maji yatoke meupe. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili huku Nyanda za Juu Kusini, vipe vitambaa siku ya ziada kwenye kamba. Jinsi huonekana kavu kwa nje huku mikunjo yake ikiwa bado na unyevu.

Mfuko wenyewe

Vipimo hivi vinatoa mfuko wenye upana wa sm 36, kimo cha sm 38 na kitako cha sm 10. Unabeba manunuzi ya sokoni ya nyumba ya kawaida. Tangu katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa namna hii ni zawadi inayotumika kila wiki. Akiba ya mshono, yaani nafasi kati ya ukingo na mshono, ni sm 1 kila mahali. Kata:

– kitenge vipande 2, kila kimoja sm 48 kwa 33;
– jinsi vipande 2 vya kitako, sm 48 kwa 14;
– bitana vipande 2, sm 48 kwa 45;
– mikanda 2, sm 75 kwa 10, na ndani yake mapande 2 ya jinsi, sm 65 kwa 2.

Jinsi kata kwa kufuata urefu wa mguu wa suruali, kati ya mshono mmoja na mwingine. Ukikata kwa kukatisha mguu, ule mshono mnene wa pembeni utaangukia katikati ya kitako na sindano itavunjika hapo. Mguu mmoja wa suruali ya mwanaume hutoa vipande vyote viwili, mmoja upande wa mbele, wa pili upande wa nyuma. Epuka jinsi inayovutika: ukijaza mfuko, kitako kinashuka kama tumbo.

Kama huna kitenge kipana kiasi hicho, tengeneza. Chukua shuka kuukuu, kata sm 50 kwa 35, na uanze kulifunika kwa mapande kuanzia ukingo mmoja. Pande la kwanza lilale uso juu. La pili lilaze juu yake uso kwa uso, shona ukingo mmoja kupitia tabaka zote pamoja na shuka, lifungue, piga pasi, endelea na la tatu. Pande lisipungue sm 5 kwa upana, kwa sababu mishono miwili itakula sm 2 na zitabaki 3 za kuonekana. Ukimaliza, ndipo upunguze kingo zifike sm 48 kwa 33. Usikate kwa kipimo kamili tangu mwanzo, kila mshono hula kidogo zaidi ya ulivyokadiria. Pasi ni lazima kila baada ya mshono, hii si hatua ya kuruka. Kwa pasi ya mkaa, kung'uta majivu nje kabla ya kila zamu na ujaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Cheche moja inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Sasa cherehani. Kwa kitenge tumia sindano namba 14, kwa jinsi namba 16, na pale jinsi inapopandana tabaka nne au zaidi weka namba 18. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba wa bei ndogo hukatika kwanza kwenye mikanda. Hatua ya mshono iwe milimita 2.5 kwa kitenge na 3 hadi 3.5 kwa jinsi. Watu hudhani mshono mdogo ndio imara. Kwenye kitambaa kizito unatoboa matundu yaliyokaribiana mno na kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari huo.

Cherehani nyingi za kukanyaga zinashona mshono ulionyooka tu, na baadhi ya zile za zamani hazirudi nyuma. Mfuko huu unafaa kwa sababu hiyohiyo: kingo zote zinafichwa ndani ya bitana, huhitaji ovaloki. Kufunga mwisho wa mshono bila kurudi nyuma, acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza kazi, shona mishono minne juu ya ile ya kwanza.

Unganisha kila kipande cha kitenge na jinsi yake kwenye ukingo wa sm 48. Lazimisha akiba yote ielekee upande wa jinsi, piga pasi, kisha pitisha mshono wa juu, ule unaoonekana usoni, milimita 3 kutoka kwenye kiungo. Kila upande sasa una kimo cha sm 45. Ziweke pande mbili uso kwa uso, shona pembeni na chini. Bitana fanya vivyo hivyo, lakini chini acha tundu la sm 15 bila kushona. Tundu la sm 8 litapitisha kitenge, halitapitisha jinsi, na ukilazimisha linachanika. Mishono ya pembeni ya bitana ivute ndani kidogo, iwe sm 1.3, ili isijikunje ndani ya mfuko. Wapo wanaofupisha na kimo cha bitana. Kwa mfuko wa kubebea uzito usifanye hivyo, maana mzigo wote utaning'inia kwenye bitana, na ndiyo dhaifu.

Kitako: bana kona moja ili mshono wa pembeni ulale juu kabisa ya mshono wa chini. Pima sm 5 kutoka nchani kwa kufuata mshono, chora mstari wa kukatisha. Unapaswa kuwa na urefu wa sm 10. Ukitoka 9 au 11, kona haijalala sawa, panga upya. Shona juu ya mstari mara mbili, kata ncha ukiacha sm 1. Hapa ndipo jinsi inapokuwa nene kupita kiasi. Gonga mikunjo kwa mchi au nyundo juu ya ubao mpaka ilale, weka kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili usikae mshazari, na uzungushe gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga.

Mikanda: kunja kingo mbili ndefu zikutane katikati, weka pande la jinsi ndani likiwa katikati ya urefu, kunja tena. Unapata mkanda wa sm 2.5. Shona kingo zote mbili na mstari mmoja katikati. Sm 5 za kila mwisho hazina jinsi ndani kwa makusudi, vinginevyo sindano itakwama utakapofika mdomoni. Urefu wa sm 75 unaning'inia kama sm 30, unapita juu ya koti au sweta nene ya Julai. Kwa mfuko wa kushika mkononi tu, sm 45 zinatosha.

Kuunganisha. Mwili uwe umegeuzwa, uso nje. Panga kila mwisho wa mkanda sm 13 kutoka mshono wa pembeni, mkanda ukielekea chini, na mkia wa sm 4 ukitokeza juu ya ukingo. Mkia huo ndio siri ya uimara, usiukate. Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia. Valisha bitana juu ya mwili, uso kwa uso, mishono ya pembeni ikutane, shona mdomo wote mzunguko mmoja. Pitisha mfuko mzima kwenye tundu la bitana, shona tundu, sukuma bitana ndani. Mikia sasa imelala kati ya tabaka mbili, ikielekea chini. Piga pasi mdomo, pitisha mshono wa juu milimita 5 kutoka ukingoni, kisha chini ya kila mkanda shona mraba wa sm 2.5 kwa 3 wenye msalaba ndani, ukipitia kitenge, mkia na bitana kwa pamoja. Mikanda ikitoka imepinda, kosa lilikuwa wakati wa bandi: mkanda ulijizungusha mara moja kabla ya mwisho wa pili kufungwa.

Jaribu kabla ya kumpa mtu. Tia kilo 8 za mchele, ning'iniza kwenye msumari usiku kucha, na asubuhi angalia misalaba. Uzi ukionyesha matundu yaliyovutika, rudia mshono juu yake.

Kwa wa Tukuyu na Kyela, ambako mvua haina mzaha, bitana ya nailoni ya mwamvuli uliovunjika vyuma inafaa kuliko kanga. Fumua vipembetatu, viunganishe kwa kupishana ncha juu na ncha chini, tumia sindano namba 11. Usibane kwa pini katikati, kila tundu la pini linabaki, na pasi usiisogeze karibu. Mifuko ya sulufeti ya mchele pia inafaa kuimarisha kitako. Ile iliyobeba mbolea au dawa ya shambani iache, hata ukiifua vipi.

Kanga yenye jina lake ni mtihani. Maandishi kwa kawaida ni marefu kuliko upana wa mfuko, na ukikata ovyo bibi harusi anaweza kupewa nusu ya methali inayosema kinyume cha ulichokusudia. Tumia sehemu ya mji, yaani katikati ya kanga, isiyo na maandishi, au geuza jina liwe ndani ya bitana, lizunguke pande zote mbili.

Vishikio vya sufuria

Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo vishikio viwe viwili. Kila kimoja kinahitaji miraba miwili ya pamba, sm 20 kwa 20, na katikati miraba miwili ya sufu au blanketi la pamba. Sweta ya sufu tupu ifue kwanza kwa maji ya moto na uisugue: itarudi, itashikamana, na ukiikata haitafumuka. Akriliki haibadiliki ukiifanyia hivyo, nayo ikipata joto kali inayeyuka, basi jaribu kwa moto kabla. Sponji usiweke. Panga tabaka nne, shona mistari ya kukatisha kila sm 4 ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa cha juu kinasukumwa na kuacha mkunjo mkubwa upande wa pili. Zungushia utepe wa upana wa sm 5 na urefu wa sm 90, sm 10 za ziada ndizo kitanzi cha kutundikia. Mwambie unayempa asivitumie vikiwa vimelowa. Maji hupitisha joto upesi mno na mvuke unaunguza kiganja.

Vipande vilivyobaki

Vipande vya sm 20 kwa 32, viwili viwili, hutosha mifuko midogo ya kamba ya kutilia kahawa ya Mbozi au majani ya chai ya Mufindi. Shona pembeni na chini, ukianzia sm 7 chini ya mdomo upande mmoja, kunja kingo za sehemu uliyoiacha wazi, kisha kunja mdomo sm 1 halafu sm 3 kutengeneza njia ya kamba. Anayesahau kuacha sehemu wazi hufumua, hakuna namna nyingine. Kamba iwe ya sm 60, na ipitishe kwa pini ya nepi.

Kipochi cha zipu kinataka vipande vya sm 22 kwa 16, viwili vya nje na viwili vya bitana, na zipu ya sm 20. Zipu za suruali za mtumba ni nzuri, za chuma hasa, ila ni fupi. Punguza kipochi kifuate zipu. Kabla ya kushona pembeni, fungua zipu nusu. Ikiwa imefungwa, kipochi kitakamilika kikiwa ndani nje, na hakuna pa kukigeuzia.