Kupima joto linalomezwa na urea: jaribio la vikombe viwili

Kila ninapoanza mada ya mabadiliko ya nishati na wanafunzi wangu hapa Mbeya, huwauliza kama wamewahi kushika ndoo ambayo urea imetoka kukorogwa ndani yake. Wengi wanatoka katika nyumba za wakulima, kwa hiyo wanajua kwamba ndoo hiyo huwa ya baridi. Wasichojua ni joto la maji limekwenda wapi. Jaribio lifuatalo linalipima joto hilo, kisha linalieleza kwa kurejea kwenye elektroni za atomu.

Andaa gramu 12 za urea ya kukuzia, mililita 100 za maji, kipimajoto, mizani, na vikombe viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine ili hewa iliyobaki katikati izuie joto kupita. Gramu 12 hazikuchaguliwa ovyo. Molekuli ya urea, CO(NH₂)₂, ina kaboni moja (12), oksijeni moja (16), naitrojeni mbili (28) na haidrojeni nne (4), jumla 60. Namba hizo ni uzani wa atomu; jumla hiyo ikisomwa kwa gramu ni moli moja, yaani kipimo cha wingi wa molekuli, kwa hiyo gramu 12 ni moli 0.2. Ukigawanya 28 kwa 60 utapata asilimia 46 na ushee, nayo ndiyo namba 46 iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea.

Hatua ya kwanza ni kukihakiki kipimajoto kwa barafu inayoyeyuka, ambamo kinapaswa kusoma 0. Usikihakiki kwa maji yanayochemka ukitarajia 100, kwa sababu mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; vipimajoto vizima vimewahi kutupwa kwa kosa hilo.

Hatua ya pili, pasha maji kidogo mpaka yawe nyuzi tatu juu ya jotoridi la chumba. Maji ya bomba ya asubuhi ya Julai hufyonza joto la chumba hata kabla hujaanza, na matokeo yakaharibika. Ukianzia juu kidogo, kikombe kitapoteza joto mwanzoni na kulipokea mwishoni, na makosa hayo mawili yatakaribia kufutana.

Hatua ya tatu, saga punje za urea, zimimine zote kwa mara moja, funika kwa kadibodi, koroga, na uandike jotoridi la chini kabisa litakalofikiwa. Nawa mikono baadaye.

Hatua ya nne ni hesabu. Gramu moja ya maji hupoteza juli 4.2 (juli ni kizio cha nishati) kwa kila nyuzi moja inayoshuka, nasi tutachukulia kwamba mchanganyiko wetu wa gramu 112 una tabia hiyohiyo. Jotoridi likishuka kwa nyuzi 6, joto lililomezwa ni 112 × 4.2 × 6, yaani juli 2,822, au kilojuli 2.8. Gawanya kwa 0.2 upate kilojuli 14 kwa moli. Thamani inayokubalika ni karibu 15, hivyo vikombe vya plastiki havikutuaibisha.

Hatua ya tano ndiyo inayohitaji utulivu. Oksijeni ina elektroni 8, mbili katika ganda la ndani na sita katika la nje. Naitrojeni ina 7, mbili na tano. Atomu hizi mbili huzivuta elektroni za bondi, yaani kiungo kati ya atomu na atomu, kwa nguvu kuliko haidrojeni, kwa hiyo haidrojeni hubaki na chaji chanya kidogo na kuvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvutano huo, uitwao bondi ya haidrojeni, ndio unaoshikamanisha punje ya urea. Punje inapoyeyuka, mivutano hiyo hukatwa, pamoja na baadhi ya ile iliyo kati ya molekuli za maji, na kazi hiyo humeza nishati. Kisha urea na maji huvutana upya, na nishati hutolewa. Iliyotolewa ni pungufu kuliko iliyomezwa, na pengo hilo hulipwa na joto la maji. Bondi za ndani ya molekuli ya urea hazikuguswa.

Mwanafunzi akikuambia kwamba kuvunja bondi hutoa nishati, kana kwamba bondi ni gunia la akiba, mpe mfano wa haidrojeni (H₂) na klorini (Cl₂) zinazoungana kuwa HCl. Kuvunja moli moja ya H₂ hudai kilojuli 436 na ya Cl₂ kilojuli 242, jumla 678. Kuunda moli mbili za HCl hutoa 2 × 431, yaani 862. Toa 862 katika 678: jibu ni hasi 184, na alama ya hasi inaonyesha kwamba mmenyuko huu, tofauti na wa ndoo ya urea, umetoa joto. Kosa ninalosahihisha mara nyingi zaidi hapo ni kusahau ile 2 ya HCl, na jibu likageuka kuwa chanya 247.