Somo: Kuandaa faili la kutetea mto na miti yake, kuanzia kamba ya mita 50 hadi mahakamani

Wanachama wenzangu wa Lubumbashi,

Kila mvua za kwanza zinaponyesha, maji ya mito yetu hubadilika rangi na mazungumzo huwa yale yale. Mmoja husema kwamba ni udongo tu, mwingine husema kwamba ni tindikali ya viwanda, na mvua zinapokwisha hakuna hata mmoja aliyeandika chochote. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mama na baba wanaolima mboga kando ya Kafubu, Naviundu na mto Lubumbashi wenyewe, na kwa ajili ya vijana wanaoona msitu wa miombo ukisogea mbali na mji mwaka hadi mwaka. Sheria za nchi yetu zimetupa haki kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini hakimu hawezi kuhukumu kwa uchungu tulio nao moyoni. Anahukumu kwa kile kilichomo ndani ya faili, na faili hilo huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya samaki kuelea.

Hatua ya kwanza: kujua tunasimama juu ya nini

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Naomba neno hilo la wajibu lisomwe mara mbili, kwa maana mtu akiwaambia kwamba mnajiingiza katika mambo yasiyowahusu, jibu lenu limo ndani ya Katiba. Kifungu cha 54 kinaongeza kwamba uchafuzi wowote unaotokana na shughuli za kiuchumi unaleta fidia au marekebisho. Chini ya Katiba kuna Sheria ya Misitu ya 2002, sheria ya misingi ya kulinda mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, na Sheria ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa mwezi Machi 2018. Si lazima kuzihifadhi zote kichwani. Inatosha kamati iwe na nakala ya vifungu vichache, iliyowekwa katika mfuko wa plastiki na kubebwa kila mnapokwenda ofisini.

Hatua ya pili: kamba ya mita 50

Nimeanza na kamba kwa sababu haihitaji maabara wala fedha. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Misitu kinakataza kukata msitu katika umbali wa mita 50 kutoka kila upande wa mto, na katika duara la mita 100 kuzunguka chemchemi. Nunueni kamba ya nailoni, ipimeni kwa futi ya fundi seremala, na mfunge fundo kila baada ya mita 10. Mtu mmoja asimame kwenye ukingo wa maji, mwingine avute kamba kuelekea nchi kavu, na wa tatu ahesabu visiki vibichi na matanuri ya makala, yaani mkaa, yaliyomo ndani ya umbali huo, akiandika tarehe, jina la mahali na unene wa kila kisiki. Mkirudia kazi hii mara moja kwa mwezi mahali pale pale, baada ya miezi sita mtakuwa na ushahidi ambao ofisa wa mazingira hawezi kuupuuza kwa urahisi, kwa sababu na yeye anaweza kwenda na kamba yake akapata hesabu ile ile. Miti ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo usiingie mtoni, na ndiyo inayopunguza kasi ya maji ya mvua yanayotoka kwenye maeneo yaliyochimbwa. Mtu anayetaka kutetea mto huku akiiacha miti hiyo ikatwe, anafanya nusu ya kazi.

Hatua ya tatu: daftari na chupa

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mafaili mengi yanapokufa.

Shaba na kobalti hutolewa katika mawe kwa kutumia tindikali ya salfuriki, kisha maji yanayobaki yanapaswa kutulizwa kwa chokaa na kuhifadhiwa katika mabwawa. Bwawa likivuja au likipasuka, maji yenye tindikali huingia mtoni yakiwa yamebeba metali zilizoyeyuka. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mwananchi ni karatasi za kupima ukali wa tindikali, ambazo huchovywa ndani ya maji na kubadilika rangi. Kipimo hicho huitwa pH, na namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi. Maji ya kunywa kwa kawaida yako kati ya 6.5 na 8.5; mkiona karatasi inaonyesha 4 au chini yake, jambo kubwa limetokea na saa zinahesabika. Karatasi hiyo peke yake haishindi kesi, ila inawaambia ni lini mchukue maji ya kupeleka maabara.

Chukueni maji mahali patatu: juu ya mahali ambapo mfereji wa kiwanda unaingia, pale pale unapoingia, na chini yake. Msipochukua ya juu, upande wa pili utasema kwamba uchafu ulikuwa umekwisha kuwamo mtoni, nanyi hamtakuwa na jibu. Tumieni chupa mpya za plastiki, zisuuzeni mara tatu kwa maji ya mto ule ule, zijazeni hadi juu kabisa bila kuacha hewa, na mbandike karatasi yenye tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo. Kila mahali mchukue chupa mbili: moja iende maabara siku hiyo hiyo ikiwa katika baridi, na nyingine ifungwe kwa gundi na sahihi za mashahidi, ibaki kwa mtu anayeaminiwa na wote. Ni vema mmoja wa mashahidi awe mtu asiye na shamba pale mtoni, kwa mfano mwalimu, muuguzi au mchungaji, ili isisemwe kwamba mlitunga jambo kwa kutamani fidia. Tena, msingoje mvua peke yake. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mto huwa na maji machache, na kinachomwagwa ndani yake huonekana wazi zaidi.

Kuhusu picha, acheni zile za asili ndani ya simu iliyozipiga. Picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa na hupoteza taarifa za saa na mahali, na wakili wa upande wa pili analijua jambo hilo.

Afya ya watu nayo ni ushahidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali. Hata hivyo, utafiti huo hauthibitishi kwamba shamba lako limeharibiwa na kiwanda fulani. Ni kazi ya daftari lako kulithibitisha hilo.

Hatua ya nne: kujua ni nani aliye juu ya mto

Ofisi ya Kadastri ya Madini ina ramani inayoonyesha vibali na wenye navyo. Tafuteni vibali vilivyo juu yenu, kisha iandikieni Wakala wa Mazingira wa Kongo, unaojulikana kwa herufi ACE, mkiomba kuona tathmini ya athari kwa mazingira na jamii pamoja na mpango wa usimamizi wake. Sheria ya 2011 inataka tathmini hiyo ifanywe kabla ya mradi kuanza. Mkiipata, soma kurasa zinazohusu maji taka na mabwawa, kwa maana humo kampuni yenyewe imeandika ahadi zake, na ahadi iliyovunjwa ni rahisi kuithibitisha kuliko dhara lenyewe.

Hatua ya tano: barua yenye muhuri

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Andikeni ombi la kurasa mbili, si kumi: tulichoona, tarehe, tulichopima, tunachoomba kifanyike na kwa muda gani. Peleka kwa meya wa komine (manispaa), nakala kwa ofisi ya mazingira ya mkoa na kwa ofisi ya madini.

Nitasema jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka ombi lenye sahihi nyingi katika ofisi moja hapa mjini, tukamkabidhi karani, tukaondoka tukiwa na furaha. Tuliporudi baada ya miezi miwili tuliambiwa kwamba hakuna barua kama hiyo, nasi hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Sahihi za wazee, wengine wao wameshafariki, zilipotea siku hiyo, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo hatutoki ofisini bila nakala yetu kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na sahihi. Karani akikataa, mashahidi wawili waandike hapo hapo kwamba amekataa, na barua itumwe kwa njia nyingine inayoacha alama.

Hatua ya sita: parke na mahakama

Njia ni mbili, na zinaweza kwenda pamoja. Kwa jinai, mnapeleka mashtaka kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, ambayo sisi sote huiita parke, na walioumia wanaweza kujiunga na kesi ili kudai fidia. Kwa madai ya kiraia, silaha kubwa kwa upande wa migodi ni kifungu cha 285 bis cha Sheria ya Madini, kilichoingia mwaka 2018, kinachomlazimu mwenye kibali kurekebisha madhara yaliyosababishwa na shughuli zake hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Hamlazimiki kuthibitisha kwamba alikuwa mzembe. Mnathibitisha dhara, na kwamba limetoka kwake. Ndiyo sababu nilisisitiza chupa ya juu ya mto.

Wanaoona njia hii kuwa ndefu wanasema kweli. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa, waliodhuriwa na metali ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani, walishinda mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3 za Kenya, lakini rufaa ziliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu hiyo mwezi Desemba 2024. Walikuwa na vipimo vya damu za watoto wao, na vipimo havikuzeeka.

Maswali ya wanachama

Mama mkulima wa Kampemba: Watu wa kampuni walikuja wakatupatia kila mmoja fedha kidogo kwa mboga zilizoungua, wakatuomba tutie sahihi. Je, tulikosea kupokea?

Mama, hakuna anayeweza kukulaumu kwa kulisha watoto. Swali ni karatasi ile inasema nini. Ikisema kwamba umepokea kiasi fulani kwa mazao ya msimu huu, bado unaweza kudai kuhusu udongo na maji. Ikisema kwamba huna dai lingine lolote tena, ilete kwa mwanasheria haraka, pamoja na kumbukumbu ya jinsi ilivyosainiwa: nani alikuwapo, na kama ilisomwa kwa lugha mnayoielewa. Wengine ambao hawajasaini, waombe kwanza kuipeleka nyumbani.

Kijana wa Katuba: Baba mdogo wangu anaishi kwa kuchoma makala. Je, mnataka tuwashtaki ndugu zetu wenyewe?

Hapana, ndugu. Mji huu unapika kwa makala kwa sababu umeme haufiki au haukai, na kumfunga mchomaji mmoja hakubadilishi hilo. Kaa naye, mwonyeshe kamba, mkubaliane juu ya mita 50 za mto. Wengi wanaelewa, kwa kuwa na wao wanakunywa maji yale. Kisha mwambie kuhusu miombo: miti yake mingi huchipua tena kutoka kwenye kisiki, mradi moto wa mwisho wa kiangazi usiyaunguze machipukizi. Kijiji kikitaka kulinda machipukizi yake kwa nguvu ya sheria, dekreti (amri ya serikali) ya 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa jamii hadi hekta 50,000. Mashtaka tuyaweke kwa wale wanaoingia na malori bila kibali na kukata miti ya mukula, yenye mbao nyekundu, kwa ajili ya kuuza nje.

Baba wa Ruashi: Hatuna fedha za avoka (wakili). Tufanyeje?

Baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure, na mtu asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini inayompunguzia mzigo wa gharama za mahakama. Nendeni na faili lililokwisha kupangwa kwa tarehe, kwa maana wakili anayejitolea ana muda mchache.

Mwanafunzi wa chuo kikuu: Tukitaka kuandamana, je, ni lazima tupewe ruhusa?

Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka waandaaji waitaarifu mamlaka kwa maandishi. Neno lililotumika ni kutaarifu. Hata hivyo taarifa hiyo nayo igongwe muhuri, itaje njia mtakayopita na saa ya kumaliza, na orodha ya waliokwenda ibaki kwa mtu aliye nyumbani, pamoja na namba ya wakili.

Mwanachama mwingine: Je, kuna mahakama nje ya nchi?

Ipo ile ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa kuwa Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mahakama hiyo mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupitia kaskazini mwa Serengeti. Inashtakiwa serikali, si kampuni, na muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kufanyika au tangu mlipokijua. Kwa hiyo siku mliyoona maji yamebadilika iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino.