Kabla hujaingia milima ya Kondoa msimu wa mvua

Maji ya kunywa, beba. Viatu vyenye meno, vaa. Simu chaji usiku, na 114 ya Zimamoto na Uokoaji uijue kwa kichwa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa fuatilia siku kadhaa kabla, maana udongo uliokwisha kushiba hausubiri mvua kubwa ndipo uteleze.

Kwenye mteremko tazama nyufa za ardhi, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope. Ukiona kimojawapo, rudi. Waliokuwa Katesh Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, hawahitaji kuelezwa.

Sasa korongo.

Tulikwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni, mimi na binamu yangu, kwa pikipiki. Asubuhi tulivuka korongo, mchanga mkavu. Saa kumi jioni tunarudi, jua linawaka. Mzee mmoja chini ya mgunga akatuambia, "Wajukuu, kaeni kwanza," akanyoosha fimbo kwenye wingu dogo jeusi mbali milimani. Binamu akacheka: "Babu, ile si mvua yetu." Akawasha. Nami sikumzuia, nilikuwa nahangaika kutafuta mtandao.

Alipofika katikati nikasikia mngurumo, nikadhani ni lori. Likatangulia povu na vijiti vikavu, maji ya vifundoni tu. Kufumba na kufumbua yako kiunoni. Tulimvuta kwa shuka la yule mzee. Pikipiki tuliipata kesho yake, usukani tu ndio umetokeza mchangani, na deni lake bado lilikuwa halijaisha.

Kwa hiyo usitazame anga la juu yako, tazama la kule maji yanakotoka. Milima ya Irangi, hii ya Kondoa, imechunwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Penye ardhi tupu maji hayanywewi, yanashuka yote. Yakiwa na kasi, sentimita 60 zinabeba hata gari.

Yakipungua usikimbilie kuvuka: mchanga huwa bado umelegea, upime kwa fimbo hatua kwa hatua.

Usilale korongoni. Usivuke usiku. Aga nyumbani, useme unarudi saa ngapi. Na dereva wa bodaboda akikwambia "hapa huwa tunapita", muulize mara ya mwisho ilikuwa lini.